Kusafiri Baharini na Dawa za Friji

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waheshimiwa wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nanyi vijana mnaofanya kazi katika vyombo vya baharini, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze nanyi hapa Mkoani, Pemba, juu ya dawa zinazotakiwa kuhifadhiwa kwenye friji, na namna msafiri anavyoweza kwenda nazo baharini zikafika zikiwa na nguvu zake. Jambo hili linatugusa sana sisi watu wa visiwani, kwa kuwa kwetu safari ya hospitali, ya harusi na ya msiba zote hupitia bandarini. Mgonjwa wa kisukari wa Pemba aliyepewa insulini yake katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hurudi nayo kwa boti, na kijana wetu aliyepata ajira katika meli za kitalii hukaa baharini miezi kadhaa, dawa zake zikiwa chumbani mwake. Wapo pia wageni wanaoshuka bandari ya Malindi, Unguja, kutoka katika meli hizo, wakatembezwa mchana kutwa na vijana wetu wasiojua kwamba mkoba wa mzee yule walioufungia garini una dawa isiyostahimili jua.

Nitaizungumzia zaidi insulini, kwa sababu hubebwa na watu wengi na huweza kuharibika bila ya kuonyesha dalili yoyote. Hata hivyo, si peke yake. Matone ya latanoprost, wanayotumia wenye presha ya macho, hukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Baadhi ya antibayotiki za maji za watoto hutakiwa kuwekwa humo zikishachanganywa. Na zipo sindano za baridi yabisi zenye masharti hayo hayo. Kila dawa ina karatasi yake ndani ya boksi, na nawaomba karatasi hiyo isitupwe, bali isafiri pamoja na dawa.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na katika hali hiyo hudumu mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye boksi. Ikishaanza kutumiwa, aina nyingi huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa muda wa siku 28, maadamu joto halipindukii nyuzi 30, au 25 kwa baadhi yake. Zipo zinazopewa siku chache kuliko hizo na zipo zinazopewa nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu anayekwenda Unguja kwa siku tatu akiwa na kalamu moja ya kuchomea insulini aliyokwisha kuifungua hahitaji barafu hata kidogo. Anachohitaji ni kivuli na hewa. Wanaohitaji deli, yaani sanduku la kutunzia baridi, ni wale waliobeba akiba ya mwezi mzima au zaidi.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo nililolijia. Dawa hizi zinataka baridi, hazitaki kuganda. Insulini ni protini; joto huipunguzia nguvu taratibu, kwa siku na kwa wiki, lakini ikiganda mara moja tu imekwisha, na kuiyeyusha tena hakuirudishii kitu. Watu wetu wanaliogopa jua, na wana haki ya kuliogopa, lakini khofu hiyo huwafanya waijazie dawa barafu pande zote, wakaiharibu kwa mikono yao wenyewe kabla chombo hakijang'oa nanga.

Kuhusu joto, kuna jambo la kututuliza. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, ambao walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, kisha wakaiweka insulini maabarani katika joto kama lile, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki nne insulini hiyo ilikuwa bado inafaa kwa matibabu. Hii haimpi mtu ruhusa ya kuiacha dawa juani, kwani ndani ya gari lililofungwa mchana wa kaskazi joto hupita mbali kiwango hicho. Maana yake ni kwamba saa chache za uvuguvugu ndani ya boti hazijaiua dawa yako, na huna sababu ya kuitupa wala ya kuikimbilia barafu.

Sasa nieleze namna ya kufunga deli, na hapa nitakwenda polepole kwa makusudi. Friza ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na barafu inayotoka humo inabakia chini ya sifuri mpaka ianze kuyeyuka. Ukiitoa na kuibana na chupa ya insulini pale pale, insulini itaganda upande ule uliogusana na barafu, huku upande wa pili ukiwa salama machoni. Barafu inayoyeyuka huwa kwenye sifuri, na hiyo unaweza kuidhibiti. Wahudumu wa chanjo wanaovuka kwenda Makoongwe na Kisiwa Panza wamefundishwa jambo hili: huiacha barafu nje mpaka itoke jasho, kisha huitikisa karibu na sikio, na wakisikia maji yanacheza ndani ndipo huipakia.

Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia safari gandisheni chupa mbili ndogo za maji. Asubuhi zitoeni, ziacheni mezani mpaka maji yasikike ndani, kisha kila moja ifungeni kwa taulo dogo au kipande cha kanga kilichokunjwa mara kadhaa. Dawa ibaki ndani ya boksi lake, na boksi liingie katika kopo kavu lenye mfuniko, kwa sababu deli hutoa maji na maandishi ya tarehe hufutika. Kopo likae katikati, chupa za barafu kandoni, na nafasi inayobaki ijazwe nguo ili vitu visigongane. Mwenye uwezo atie na kipimajoto kidogo kinachohifadhi joto la juu kabisa na la chini kabisa lililofikiwa. Tena naomba sana deli la dawa lisitiwe soda wala juisi za watoto, maana kila mfuniko unapofunguliwa baridi hutoka, na watoto safarini hawachoki kufungua.

Asiye na deli atumie chupa ya chai yenye mdomo mpana. Aipoze kwanza kwa maji baridi, ayamwage, aikaushe vizuri, kisha atie dawa iliyotoka kwenye friji ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Kwa masafa ya kutoka hapa mpaka Unguja hiyo huwa inatosha. Vipo pia vifuko vinavyorowekwa majini vikapoa kwa upepo, kwa kanuni ile ile inayoyapoza maji ya mtungini. Hivyo vinafaa kwa kalamu iliyokwisha kufunguliwa, lakini havifikishi baridi ya friji, na siku za masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupoza kidogo tu. Ukikifungia kifuko hicho ndani ya plastiki, hakipati upepo na hakifanyi kazi.

Chomboni, dawa isikabidhiwe hamali ikapelekwa na magunia. Isiwekwe kwenye sitaha iliyo wazi, wala isiegemezwe ukuta unaopakana na chumba cha mashine, ambako bati huwa la moto safari nzima. Mahali pake ni miguuni pako, kivulini, deli likiwa limefungwa kamba kwenye kiti, kwa sababu kusi likivuma mkondo wa Pemba huchafuka na mizigo huteleza huku na huku wakati abiria wengi wakiwa hawajiwezi kwa kutapika. Fungasheni pia kwa kudhania kwamba safari itachukua mara mbili ya muda uliotangazwa. Vyombo huahirishwa, na mgonjwa hulazimika kulala bandarini na dawa aliyoipangia muda wa saa tatu.

Katika meli za kitalii mambo yana sura nyingine. Vyumba vingi huwa na friji ndogo, lakini nyingi katika hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kupoza vinywaji na hazishuki hadi nyuzi 8, ilhali nyingine hugandisha vitu vilivyosogezwa nyuma. Katika baadhi ya meli, ukiichomoa kadi ya mlango unapotoka, umeme wa chumba hukatika na friji nayo huzimika. Kwa hiyo abiria aulize kabla ya safari, kwa maandishi, kama atapatiwa friji ya dawa, na akifika akipime kile alichopewa kwa kipimajoto chake usiku wa kwanza kabla ya kukiamini. Ikishindikana, aende zahanati ya meli. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unataka meli yenye watu 100 au zaidi, inayofanya safari za kimataifa zinazozidi siku tatu, iwe na daktari. Na penye daktari kwa kawaida huwa na friji ya dawa. Akiba ikae huko, kalamu ya matumizi ibaki kwa mwenyewe, kwani zahanati ina saa za kufungwa.

Kwa vijana wetu mabaharia nina neno la peke yake. Wapo wanaoficha maradhi kwa kuogopa kupoteza kazi, na mwenye kuficha maradhi huficha na dawa, akaisukumia chini ya godoro au ndani ya sanduku katika chumba anachochangia na wenzake. Naielewa khofu hiyo, kwani nyuma ya ajira moja kuna nyumba nzima inayokula. Lakini daktari wa meli asiyejua kwamba una kisukari hataweza kukuhifadhia dawa, wala hatajua la kufanya siku utakapokutwa umezimia kazini. Mwelezeni siku ya kupanda.

Wa ndege nisiwachoshe: dawa iingie nawe ndani pamoja na barua ya daktari, isipelekwe kwenye mizigo, ambako hakuna anayekuhakikishia joto wala baridi yake.

Mkifika kwa jamaa, jihadharini na ukarimu. Mwenyeji akiambiwa kwamba hii ni dawa ya friji, kwa heshima atakuwekea juu kabisa, penye barafu, akidhani amekupa mahali bora. Mwombeni aiweke rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma. Friji nayo isiaminiwe kupita kiasi. Watu wa Unguja walikaa bila ya umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo deli lisirudishwe stoo hata mkiwa nyumbani.

Kabla ya kuchoma, itazameni dawa. Insulini ya maji iwe angavu. Ile ya mawingu, mkiibingirisha taratibu kati ya viganja, iwe nyeupe sawasawa mfano wa maziwa. Hapa mezani nina chupa mbili za aina ya mawingu, moja nzuri na moja niliyoigandisha makusudi juzi. Hii ya pili, kila nikiibingirisha inabaki na punje nyeupe zilizoshika kwenye kioo, na chini yake kuna mabonge yasiyochanganyika. Ikiwa hivi, haichomwi kabisa. Lakini ipo iliyoganda isiyoonyesha kitu, kwa hiyo yoyote mnayojua kwamba iliganda irudisheni famasi au hospitali, hata ikiwa inapendeza machoni.

Iliyopata joto ina hukumu tofauti. Mara nyingi haibadiliki sura, mtaijua kwa sukari inayopanda ilhali chakula ni kile kile. Ukiwa katikati ya bahari na huna nyingine, usiache kuchoma kwa sababu ya wasiwasi, hasa wewe ambaye maisha yako yanategemea insulini kila siku. Itumie, pima sukari mara nyingi kuliko kawaida, na chombo kikifunga gati nenda ukapatiwe mpya. Kwa wanaoshuka hapa, hospitali ya Abdulla Mzee haiko mbali na bandari.

Chupa hizi mbili nitaziacha mezani. Wenye maswali karibuni mbele, na aliyekuja na dawa yake tuitazame pamoja.