Pipa la Takataka la Karakana

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeulizwa kwa nini mtoto akalipiwe ada ya ufundi chuoni ilhali Ndeeba pale Kampala imejaa maseremala wasiojua hata mlango wa darasa.

Mimi nilianzia kwa mjomba, hapa hapa Jinja, nikipiga randa mbao za mvule. Kwa mjomba hakuna kuharibu. Ubao ni pesa ya mteja. Basi nikajua kufanya, nisijue sababu. Mvua ikinyesha mlango unakwama, tunaukwangua. Jua likiwaka unaacha mwanya, tunamsingizia muuza mbao.

Chuoni mwalimu alitupa kipande cha ubao mbichi. Tukakipima, tukakianika wiki kadhaa, tukakipima tena. Upana umepungua, urefu uko vile vile. Ubao hunywea kukatiza nyuzi zake. Kwa urefu wa nyuzi hausogei kitu cha kuonekana. Ndipo nikaelewa kwa nini paneli ya mlango haipakwi gundi kwenye fremu: inaachwa huru ndani ya mfereji wake, ivimbe na kunywea itakavyo.

Tulipofika faibaglasi nikakuta habari ni ile ile. Mti ni nyuzi za selulosi zilizoshikwa na lignini, gundi yake ya asili. Mtumbwi wa faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, kimiminika kinachogeuka kigumu. Mkeka wa kioo peke yake ni kitambaa tu, na rezini peke yake hupasuka kama kikombe. Nguvu iko kwenye kushikana, na pia kwenye upande nyuzi zilikoelekea. Seremala aliyeusoma mti haji mikono mitupu.

Lakini rezini haina subira ya mti. Kilo moja ya rezini ya poliesta hutaka gramu 10 hadi 20 za hadina, dawa ya kuigandisha. Mimi, kwa ujuaji, nikamimina hadina kwa kukadiria macho, kwenye rezini ya nusu ndoo. Bado nakata mkeka, ndoo ikafuka moshi, plastiki ikalegea, rezini ikageuka jiwe lenye nyufa. Mwalimu hakunikaripia. Aliuliza, "Ungeimwaga kwenye sinia pana, ingefuka?" Nikafikiri. Rezini haikauki kama rangi. Inajipika yenyewe, na ndani ya ndoo joto halina pa kutokea. (Na hadina msiimimine kamwe moja kwa moja kwenye kobalti, dawa ya kuharakisha rezini. Hulipuka.)

Kwa mjomba ndoo ile ingekuwa safari yangu ya kurudi kijijini. Chuoni ikawa somo la asubuhi nzima.

Si kila chuo kiko hivyo, nisiwadanganye. Vipo vya kunakili ubaoni muhula mzima, kalibu, ile fomu ya kuundia mtumbwi, hujaigusa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ombeni kuonyeshwa karakana, mkachungulie pipa la takataka. Likiwa halina kiungo kilichokatwa vibaya wala rezini iliyogandia koponi, ulizeni wanafunzi wanajifunzia wapi.

Haya, yule mama wa nyuma alinyoosha mkono.