Kabla Hamjaandika "Mlevi"

Wauguzi wenzangu, hili nimelisema kumbi nyingi hapa Mombasa na leo nalirudia.

Analetwa mtu kutoka Mwembe Tayari, kalala barazani usiku kucha, nguo chafu, ulimi mzito, ananuka mnazi. Hajafika kitandani, faili imeshaandikwa "mlevi", na vipimo vinaishia hapo. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Jicho limeshahukumu.

Sukari ya damu ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, mtu hutetemeka na kutoka jasho. Chini ya 54 huropoka, huwa mkali, hata huzimia. Nani atalitofautisha hilo na ulevi kwa kutazama tu? Na pombe huzidisha hatari: anayekunywa bila kula, ini lake hushindwa kutengeneza sukari. Kwa hiyo kila aliyechanganyikiwa achomwe kidole, apimwe sukari. Kioshwe kwa maji kwanza, kwa sababu aliyeshinda Marikiti akichambua maembe ana sukari ya tunda kidoleni, mashine itasoma juu, na pamba ya spiriti peke yake haitoshi. Ikiwa imeshuka na hawezi kumeza, dekstrosi, yaani maji ya sukari ya mshipani, ya asilimia 50, mililita 50, polepole, mshipa mkubwa; ikivuja huunguza nyama. Mnywaji asiyekula apewe na thiamini, yaani vitamini B1. Mpimeni tena baada ya dakika 15.

Mtaniambia foleni ndefu, wauguzi wawili wadi nzima. Najua. Kipimo hiki hakimalizi dakika. Mbona mwenye kadi ya bima akichanganyikiwa anapimwa, na foleni ni ileile?

Sukari ikiwa sawa, papaseni kichwa mkitafuta uvimbe, mulikeni mboni zote mbili, andikeni alama za fahamu, yaani alivyo macho na anavyoitikia, kati ya 15, kila nusu saa. Aliyelewa huzinduka kadiri saa zinavyokwenda. Anayezidi kusinzia, mhesabuni anavuja damu kichwani mpaka picha ya kichwa ikatae. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura, awe na makao au asiwe nayo.

Muda umekwisha, nitaje haraka ya kumruhusu. Akiwa na kisukari, insulini yake, dawa ya kushusha sukari, ikishafunguliwa hukaa kama siku 28 joto lisipozidi nyuzi 30, na Februari yetu mnaijua. Kumwambia asiye na makao aweke kwenye friji ni kumfukuza. Ombeni kituo kilicho karibu naye kimtunzie. Na akiwa na kidonda, muulizeni analala wapi kabla ya kumwandikia tarehe ya kurudi.