Damu Inapong'aa Yenyewe: Kupiga Picha Vena za Kifua Bila Dawa

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mlioacha mpira uwanjani mkaja kunisikiliza. Najua hapa Arua wengine Kilugbara kingewaingia vizuri zaidi, lakini tumekubaliana Kiswahili, basi twende nacho.

Wengi wenu mmewahi kumsindikiza mgonjwa wa figo hadi hospitali ya Kiruddu, kule Kampala. Mnaujua ule mpira anaowekwa shingoni ili damu itoke ikasafishwe. Unaokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini ukikaa miezi ndani ya mshipa unakwaruza ukuta wake. Ukuta unafanya kovu, njia inabana, na mwisho inaziba. Na hii si mishipa midogo. Ni njia kuu za kurudisha damu ya kichwa na mikono moyoni: vena mbili zinazoanzia nyuma ya mitulinga, moja kulia na moja kushoto, zinaungana kuwa vena kava ya juu, ambayo urefu wake ni kama sentimita 7 tu.

Mnakumbuka mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo? Safari za Kampala hazikufa. Watu walizunguka Paraa na Masindi, wakafika wamechelewa na mgongo unauma. Damu nayo ni hivyohivyo: hupita vichochoro vya chini ya ngozi. Ndiyo maana unaona mishipa imetuna kifuani, uso umevimba asubuhi, mkono mmoja umenenepa kuliko mwenzake. Nimeona watu wakiambiwa wamerogwa, na miezi ikapotea.

Sasa daktari anataka kujua pamezibwa wapi. Ultrasaundi huiona shingo vizuri, lakini ikifika nyuma ya mfupa wa kifua haioni kitu. CT, ile eksirei ya vipande vipande, inataka dawa ya ayodini ichomwe mshipani ili damu ionekane. MRI nayo, mashine inayopiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio, kwa mazoea hutumia dawa yenye metali iitwayo gadoliniamu. Gadoliniamu ikiwa huru ni sumu, kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine, kisha figo huitoa kwenye mkojo. Figo zikifa, inabaki mwilini. Mwaka 2006 madaktari waliihusisha na ugonjwa unaowapata watu wa figo, ngozi ikawa ngumu kama ya ngoma na viungo vikakataa kukunjika. Niseme haki: dawa za siku hizi zimefungwa imara zaidi na hatari yake imeshuka sana. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa figo, mimi naanza na picha isiyo na dawa.

Inawezekanaje? Mwili umejaa maji, na maji yana protoni za hidrojeni. Ndani ya sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), protoni hizo huitikia mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi, chini kidogo ya pale redio zenu za FM zinapoanzia. Mashine huchagua kipande chembamba cha kifua, ikakipiga mawimbi mfululizo bila kukipa pumziko. Nyama iliyotulia pale inachoka, inanyamaza, inatoka nyeusi. Damu inayoingia kutoka nje haijapigwa bado. Inaitikia kwa nguvu zake zote na kutoka nyeupe. Na ateri je, ile mishipa inayotoa damu moyoni? Shingoni damu ya ateri hupanda, ya vena hushuka. Tunaichosha mapema ile inayotoka chini, ateri zikafifia, vena zikabaki peke yake.

Hapa ndipo niliwahi kuanguka. Nikiwa bado mgeni kazini, niliisoma picha ya mama mmoja nikasema vena yake ya kushoto imeziba. Vena hiyo ni ndefu kuliko ya kulia, nayo hukatiza kifua karibu na mlalo. Mimi nilikuwa nimekata vipande vya mlalo! Damu ikawa inasafiri ndani ya kipande kilekile, inapigwa njia nzima, inafika imechoka kama nyama. Mwalimu wangu aliitazama, akasema, "Rudia, kata wima." Vena ikatokea nzima, nyeupe pe. Mama wa watu alikuwa ameshaanza kulia nje.

Ipo njia ya pili, isiyotegemea sana mwendo wa damu bali asili yake, kwa kuwa damu hushika mwitikio wake muda mrefu kuliko nyama. Ni ya haraka, ila inang'arisha ateri na vena pamoja, na huharibika karibu na stenti, yaani kibomba cha chuma cha kuupanua mshipa, au hewa ya mapafu. Mimi napiga zote mbili. Zikipingana, siandiki "imeziba" mpaka nijue kwa nini.

Kazi ya mgonjwa ni kulala kimya na kubana pumzi, sekunde 15 hivi kila akiambiwa. Mashine hugonga kama mtu anayepigilia mabati, kwa hiyo masikio tunayaziba.

Mzee ameuliza kama mashine ya MRI ya Mbarara haiwezi kazi hii. Swali zuri. Ile iliunganishwa mwaka 2022 kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha hapo na wataalamu kutoka Uholanzi. Sumaku zake ni za kudumu, nguvu kama tesla 0.05, na ililengwa vichwa vya watoto wenye maji kichwani. Kifua cha mtu mzima hakiingii.

Na mama wa kitenge cha manjano, umeuliza pete isiyotoka itakuwaje. Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini inaweza kupata joto, kwa hiyo tunajaribu kuitoa kwa sabuni na maji baridi. Ila mama, niambie kwanza: imekataa kutoka tangu lini, na ni mkono ule wa upande uliowekwa mpira?