Saidi Hamisi Yupi?

BAKARI: Mtwara kuchele!

SOMOE: Kumekucha, shemeji. Ila leo usinichangamkie sana, nina jambo kifuani.

BAKARI: Wasikilizaji, mnamjua Somoe akiwa na jambo kifuani. Leo tulipanga, mimi wakili na yeye katibu wa afya, kuongea na makatibu wa afya wenzake na waganga wafawidhi juu ya mambo manne anayotakiwa kuyathibitisha mtu anayeishtaki hospitali kwa uzembe: wajibu, kiwango cha utabibu kilichokiukwa, sababu na madhara. Karatasi hii hapa, nimeiandika mpaka nyuma.

SOMOE: Karatasi yako itasubiri. Wiki hii nilimsindikiza baba mkubwa kwenye kituo kimoja, sitakitaja, huku huku kwetu kusini. Safari hii sikwenda kikazi. Nimekwenda kama mtoto wa mgonjwa, nimekaa kwenye benchi na chupa ya uji. Mapokezi wakaita, "Saidi Hamisi!" Wakainuka wazee wawili.

BAKARI: Wawili tu?

SOMOE: Wawili walioweza kuinuka. Wa tatu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akanyoosha fimbo.

BAKARI: (anacheka) Samahani, shemeji. Endelea.

SOMOE: Cheka tu. Baba mkubwa ana sukari. Yule mwenzake ana presha. Sijui vyeti vilipishana wapi, lakini kufika dirisha la dawa tunapewa vidonge vya presha. Mzee mwenyewe hajawahi kuwa na presha maisha yake yote, labda siku ya mnada wa korosho. Namwambia yule binti wa dawa, hizi si zake. Akasoma cheti, akamwangalia mzee, akaniuliza, "Kwani huyu siye Saidi Hamisi?"

BAKARI: Na alikuwa na haki kuuliza hivyo.

SOMOE: Ndiye! Nikasema basi tutazame tarehe ya kuzaliwa. Wote wawili wameandikwa tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1950.

BAKARI: Wazee wetu wote wamezaliwa siku hiyo. Sijui kulikuwa na nini.

SOMOE: Karani alichoka kuuliza, ndicho kilichokuwepo. Mwisho tumetenganisha kwa vijiji. Baba mkubwa ni Saidi Hamisi wa Kitangari, yule ni Saidi Hamisi wa Mahuta. Wa kiti cha magurudumu hatukumfikia.

BAKARI: Mimi simu yangu hapa, ngoja nifungue herufi ya H. Hamisi Mabati. Hamisi Bodaboda. Hamisi Korosho. Hamisi Masasi. Hamisi Deni. Hamisi Deni 2.

SOMOE: Deni anakudai au unamdai?

BAKARI: Deni ninamdai. Deni 2 ananidai. Na huyu hapa, Hamisi Usipokee.

SOMOE: Huyo nadhani anatusikiliza.

BAKARI: Salamu zake. Sasa unaona, simu yangu ya kawaida ina utaratibu bora wa kuwatofautisha akina Hamisi kuliko hicho kituo chenu.

SOMOE: Si changu! Lakini hapo umegonga penyewe. Mwaka 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, nchi nzima ilisikia. Wagonjwa wawili wanalingana jina la kwanza, mmoja wa kupasuliwa goti, mwingine wa kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Sisi tuliokuja kusomea utawala wa afya baadaye tulifundishwa kwa tukio lile. Mwaka uliofuata, 2008, WHO, Shirika la Afya Duniani, ikatoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na cha kwanza kabisa ni mgonjwa mwenyewe athibitishe yeye ni nani, anapasuliwa wapi na anafanyiwa nini. Kabla ya usingizi. Sasa kama chumba cha upasuaji kinamuuliza, dirisha la dawa linashindwaje?

BAKARI: Baba mkubwa alimeza?

SOMOE: Hakumeza.

BAKARI: Basi kisheria huna kesi. Hilo ndilo la nne kwenye karatasi yangu, madhara. Wajibu upo, wameukiuka, lakini mzee amerudi nyumbani mzima amekula ugali wake. Uzembe bila madhara hauna fidia.

SOMOE: Sikwenda kutafuta fidia. Na angemeza je, ningemshtaki nani? Yule binti?

BAKARI: Hapana, hospitali. Hili makatibu wa afya walikamate vizuri. Mwaka 1951 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya Cassidy. Bwana aliingia hospitali vidole viwili vimejikunja, akatoka vinne vimekakamaa. Wamemtibu wengi, madaktari, wauguzi, hajui aliyemharibu ni yupi. Mahakama ya Rufaa ikasema si lazima ajue. Hospitali ndiyo ieleze jambo kama lile linatokeaje bila uzembe, ikishindwa inabeba. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya mtumishi wa zamu. Tena aliyempanga peke yake kwenye foleni ile ni ofisi kama yako.

SOMOE: Peke yake kwa sababu hakuna mwingine wa kumpanga! Haya, tuliache, maana hasira yangu iko kwingine. Nilimfuata mganga mfawidhi, kwa adabu kabisa, nikamwambia liandikwe kwenye daftari la matukio, na yule mzee wa Mahuta naye aelezwe kwamba kulitokea kosa. Akaniambia, "Dada, tusikuze mambo." Nimelala nalo hilo neno.

BAKARI: Mimi ningemshauri hivyo hivyo.

SOMOE: Bakari!

BAKARI: Sikiliza kwanza. Pole atoe. Chai awanunulie wazee. Lakini kuandika "tumekosea", hapana. Mwakani Hamisi mwingine akimeza dawa isiyo yake akapoteza figo, wakili wa familia ataliomba lile daftari mahakamani. Atasimama mbele ya jaji na kusema, mheshimiwa, walijua majina yanawachanganya, wamejiandikia wenyewe, na hawakufanya kitu.

SOMOE: Basi kosa ni kutofanya kitu. Daftari limekosa nini?

BAKARI: Daftari ndilo linalothibitisha kwamba ulijua.

SOMOE: Nilitakiwa kujua! Ndiyo kazi ninayolipwa! Usipoandika, hakuna atakayejua kwamba ni mara ya ngapi. Nimekaa kwenye vikao vya malalamiko, shemeji. Ninawaona wanaokuja na wakili. Wengi walianza kwa kuuliza swali moja tu, ndugu yetu alifanywaje, na kila mlango wakaambiwa njoo kesho.

BAKARI: Nami ninawaona walioeleza kwa moyo safi, barua yao ikawa kielelezo cha kwanza cha mdai.

SOMOE: Uingereza tangu 2014 hospitali inalazimika kumwambia mgonjwa ukweli na kumwomba radhi likitokea jambo la kumdhuru. Na sheria yao ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.

BAKARI: Ya kwao. Sheria za Uingereza tulizozipokea sisi zinaishia tarehe 22 Julai 1920.

SOMOE: Ile kesi ya uzembe, ya konokono kwenye chupa ya soda, unayoitaja kila kipindi, ya mwaka gani?

BAKARI: 1932.

SOMOE: Na Bolam, ile kesi ya kiwango cha daktari?

BAKARI: 1957. Lakini hizo zinashawishi tu, hazifungi mahakama zetu—

SOMOE: Na Cassidy umeitoa sasa hivi, 1951. Kumbe kalenda yako inafunguka ukitaka wewe.

BAKARI: Maamuzi ya majaji yanashawishi. Sheria ya bunge lao haivuki bahari, hilo ni jambo tofauti kabisa.

SOMOE: Na mgonjwa wa Tandahimba ni tofauti na wa London?

BAKARI: Kwa hilo la daftari, mbele ya mahakama zetu, ndiyo. Mteja wangu siwezi kumwambia ajianike kwa matumaini.

SOMOE: Mteja wako ni mganga mfawidhi. Wangu ni yule mzee mwenye fimbo.

BAKARI: (kimya) Mpaka hapo hatutaelewana.

SOMOE: Hatutaelewana.

BAKARI: Tusome ujumbe. Huyu wa Ruangwa anasema kijijini kwao kuna Hamisi Mrefu na Hamisi Mfupi, na mfupi ndiye mrefu.

SOMOE: Faili lake sitaki kulishika.

BAKARI: Wa Mikindani: "Mimi ni Hamisi Hamisi." Mwingine, hakuweka jina, "Wakili, nimejaribu kukupigia tangu juzi hupokei."

SOMOE: (anacheka) Ni yeye! Wallahi ni yeye!

BAKARI: Tuendelee. Huyu wa Nachingwea ndiye ameuliza la maana: muda wa kushtaki. Madai ya uzembe wa namna hii ni miaka 3. Na kama ni hospitali ya serikali, kwanza unatoa notisi ya siku 90 kabla ya kwenda mahakamani. Watu wengi wanakwama hapo, wanamaliza muda wakizunguka maofisini.

SOMOE: Wakiambiwa njoo kesho.

BAKARI: Usianze tena. Fundi ananionyesha dakika mbili. Karatasi yangu.

SOMOE: Tumefika la ngapi?

BAKARI: La nne tumelianza, wajibu tumeugusa kupitia Cassidy. Kiwango cha utabibu, hatujakigusa. Sababu, yaani kama uzembe ndio ulioleta madhara, ndiyo ilikuwa tamu: walinzi watatu wa usiku wa London walikunywa chai yenye sumu ya aseniki. Wakaenda hospitali wakitapika, daktari akawaambia kwa simu waende nyumbani. Mmoja akafa. Mjane akashtaki, hospitali ikashinda.

SOMOE: Ikashinda? Daktari hata kuwaona hakuwaona!

BAKARI: Ikashinda. Jaji alikubali kwamba ni uzembe.

SOMOE: Sasa imeshindaje?

BAKARI: Hiyo inataka dakika kumi.

SOMOE: Huwezi kuniacha hapo.

BAKARI: Umekula muda wote na akina Hamisi, nifanyeje? Fundi, zima.

SOMOE: Usizime! Bakari, imeshindaje?