Kuchambua uchafuzi wa maji kwa mgawanyo wa kawaida

Haya, fungua lahajedwali lako. Karatasi ya kwanza ina vipimo vya naitreti, kemikali inayoingia majini hasa kutoka kwenye mbolea, vya kisima kimoja, nimevitunga kwa ajili ya somo. Tunataka kujua maji haya yatavuka kikomo mara ngapi. Kikomo chetu ni cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa: miligramu 50 kwa lita.

Tafuta wastani kwa =AVERAGE, kisha mchepuko sanifu, yaani vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, kwa =STDEV.S. Tumepata 38 na 8. Wengi wakiona 38 iko chini ya 50 wanafunga kompyuta. Usifunge. Toa 38 kwenye 50, zinabaki 12. Gawa kwa 8, unapata 1.5. Hiyo ndiyo alama z: kikomo kiko michepuko mingapi kutoka kwenye wastani. Andika =1-NORM.S.DIST(1.5,TRUE). Jibu ni 0.067, yaani karibu sampuli 7 katika kila 100 zitavuka.

Ila hesabu hii inasimama tu pale data zinapokuwa na umbo la kengele, ndio mgawanyo wa kawaida. Kwa hiyo chora histogramu, mchoro wa nguzo unaoonyesha vipimo vingapi viko katika kila kiwango. Ukiona nguzo zimerundikana kushoto na mkia mrefu unaburuzwa kulia, simama.

Karatasi ya pili ni ya mto, na mito ina tabia hiyo: siku nyingi kiwango kiko chini, halafu mvua moja kubwa inasomba mbolea mashambani na kinapaa. Wastani ni 12, mchepuko 9. Kengele huenea hadi michepuko miwili hivi kila upande wa wastani, kwa hiyo toa miwili: 12 kutoa 18, hasi 6. Naitreti hasi 6 ndani ya maji? Ukilazimisha, z inatoka 4.2, na unaambiwa mto utavuka kikomo mara 1 katika sampuli 80,000 hivi. Inafurahisha, lakini haiaminiki.

Ongeza safu mpya, andika =LN (logi asilia, inayovuta mkia mrefu ndani) kwa kila kipimo, kisha rudia wastani na mchepuko. Zinatoka 2.26 na 0.67. Logi ya 50 ni 3.91, kwa hiyo z ni 2.46: sampuli 7 katika 1,000. Chora histogramu ya logi pia, uhakikishe kengele imetokea.

Maabara ikiandika "chini ya 0.5", yaani kiasi ni kidogo mno kwa kifaa chao kukipima, usijaze sifuri, maana sifuri haina logi. Kama ni vipimo vichache, jaza nusu yake, 0.25, na useme hivyo kwenye ripoti. Vikiwa vingi, njia hii haitoshi.

Na kile kipimo kirefu kilichojitenga kulia usikifute kwa sababu kinaharibu mchoro. Tazama kwanza tarehe yake na rekodi ya mvua.