Benki na makampuni yabanwe zaidi? Haya, leo nawajibu

Jamani, habari zenu. Leo salamu fupi, maana kila nikipandisha video swali ni lilelile: "Wewe uliye huko nje, unaonaje, benki na makampuni yabanwe zaidi au yaachwe yafanye biashara?" Nikinyamaza, naringa. Nikijibu, mmoja atasema najifanya mchumi, mwingine atasema nalalamika huku nakula bata. Semeni tu, nimezoea. Mimi ni mtu wa kutuma hela nyumbani, na kwa hilo peke yake nimezijua benki kuliko nilivyotaka.

Nianze na linaloniuma. Benki yangu imenizuilia akaunti. Kisa? Nimemtumia hela mtu ambaye jina lake la ukoo halifanani na langu. Ni mama yangu mzazi! Sasa wanataka barua ya mwajiri, hati za mshahara, na uthibitisho wa makazi uliokuja kwa posta, si wa kuchapisha mwenyewe kutoka mtandaoni. Nani siku hizi anatumiwa bili kwa posta? Nimepakia nyaraka, mfumo umezitema: picha haisomeki. Napiga simu, nawekewa muziki. Dada aliyepokea kaniambia kwa upole, "Samahani, ni matakwa ya sheria, siwezi kusema zaidi." Na simlaumu. Nchi nyingi zina sheria za kuzuia utakatishaji fedha, yaani kusafisha hela za uhalifu zionekane halali, zinazomkataza mfanyakazi wa benki kumwambia mteja kwamba ameripotiwa. Huku kodi ya nyumba inadaiwa, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za utakatishaji.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nataka sheria zaidi, moyo unasema hapana. Ila tuangalie hizi zilizopo zinamkaba nani.

Ya Lehman Brothers, ile benki kubwa ya Marekani iliyofilisika 2008, mnayajua, sirudii. Ninalotaka mlishike ni kwamba mabenki mengi makubwa wakati ule yalikuwa na mtaji kiduchu wa kwao, mengine yote ni ya kukopa. Ndiyo maana zikaja kanuni za kimataifa za mabenki ziitwazo Basel III: benki iwe na mtaji wa wenye hisa usiopungua asilimia 4.5 ya mali zake, zikishapimwa kwa hatari yake, na juu yake mtaji wa akiba wa asilimia 2.5. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Haimwombi mama yangu karatasi yoyote, inamwambia mwenye hisa: ukicheza kamari, anza kuliwa wewe.

Halafu kuna Silicon Valley Bank, benki ya Marekani. Mwaka 2018 Marekani ililegeza masharti: usimamizi mkali uliokuwa unaanzia kwenye benki zenye mali za dola bilioni 50 ukasogezwa hadi bilioni 250, na benki hiyo ikapata ahueni. Machi 9, 2023 wateja wakataka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, kesho yake ikafungwa. Na kilichonichefua ni hiki: ripoti ya Benki Kuu yao wenyewe ilikiri kwamba wasimamizi walikuwa na hoja 31 za onyo kwa benki hiyo ambazo hazijashughulikiwa. Thelathini na moja! Hoja zimeandikwa, zimekaa. Mimi picha moja tu haisomeki, nimefungiwa.

Wapo mtakaosema basi serikali ipange hata riba. Hapo nasita. Kenya ilijaribu kuanzia Septemba 2016: riba ya mkopo isizidi pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Mabenki yakaona heri yaikopeshe serikali, mwenye biashara ndogo akatoswa. Novemba 2019 ukomo huo ukaondolewa. Nia ilikuwa nzuri, sikatai.

Kwa makampuni ya kawaida hoja yangu ni hiyohiyo, sitairefusha: mkubwa akaguliwe kwa kina, mdogo apunguziwe fomu. Siku hizi ni kinyume chake, kwa sababu kampuni kubwa ina wanasheria wa kuzijaza na wewe una usiku wako tu.

Mniulize sasa, tufanyeje? Haya ni yangu mimi, hali yako unaijua mwenyewe, usije ukaniandikia kwamba nilikupoteza. Kabla ya kuweka hela benki, ulizia dhamana ya amana, yaani kiasi utakachorudishiwa benki ikifilisika, ina ukomo gani. Marekani ni dola 250,000 kwa mteja kwa kila benki, Umoja wa Ulaya euro 100,000; nchi yako ina kiwango chake, na pengine taasisi unayoitumia haimo kabisa kwenye dhamana. Uliza hasa kama unaweka hela kwenye programu ya simu inayojiita benki. Na nyaraka zako ziweke pamoja, hata kama una akaunti mbili. Mimi ya pili ndiyo inayonilisha sasa hivi, na wao wameshaniandikia wakitaka uthibitisho wa makazi.