Nafasi Moja Katika Jina la Folda

Ndugu zangu, nitasema lilelile tena. Walionisikia kabla wanivumilie. Skripti ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows, inapojiita upya kwa haki za msimamizi, ile ya kwanza haipandi cheo. Inaanzishwa nyingine kabisa, isiyojua chochote ulichoiambia ya kwanza. Amri ya kuanzisha programu, Start-Process, yenye -Verb RunAs inaleta lile dirisha la kuomba ruhusa tulilolizoea tangu Windows Vista, unabonyeza ndiyo, basi. Vigezo usipovibeba mwenyewe, vimebaki nyuma.

Hilo wengi mnalijua. Ila mnavibeba vibaya, na hapo ndipo ninapogombana na watu.

Chukueni skripti ya kufuta folda, yenye kigezo kimoja tu:

`.\futa.ps1 -Folda "D:\Mishahara 2019"`

Ndani yake imejiita hivi:

`Start-Process powershell -Verb RunAs -ArgumentList '-File', $PSCommandPath, '-Folda', $Folda`

Hiyo `$PSCommandPath` ni njia ya skripti yenyewe, yaani mahali faili lake lilipo. Mnaona orodha nzuri, kila kipande na mkato wake, mnadhani mambo yako salama. Wapi! Start-Process inavigandisha vipande vyote kuwa mstari mmoja, nafasi tupu katikati, na alama za nukuu haikuongezei. Upande wa pili -Folda inapokea `D:\Mishahara`. Ile 2019 imebaki yatima: kama hukuweka `[CmdletBinding()]`, ile alama inayoifanya skripti ikatae vigezo isivyovijua, inatupwa kwenye `$args`, kapu la vigezo visivyo na mwenyewe, kimyakimya, bila hata herufi moja nyekundu. Kisha skripti, sasa ina mamlaka yote, inafuta `D:\Mishahara`. Mishahara ya mwaka huu!

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, nani anaweka nafasi kwenye jina la folda?" Microsoft wenyewe! Kaangalie `C:\Program Files`, halafu urudi tuongee.

Andikeni mstari mmoja, nukuu mziweke kwa mikono yenu:

``-ArgumentList "-File `"$PSCommandPath`" -Folda `"$Folda`""``

Na njia ikiishia na `\`, nukuu ya kufungia inamezwa. Iandikeni mara mbili, `\\`.

Mengine haraka, naoneshwa saa. Skripti mpya kwa kawaida inaamkia `C:\Windows\System32`, kwa hiyo pelekeni njia kamili. Diski ya mtandao, ile Z: yenu, huenda isionekane kabisa. Na mtumiaji akiweka nywila ya mtu mwingine, `$env:USERPROFILE`, yaani folda ya mtumiaji, ni ya huyo mwingine.

Nyie wa Linux mnaocheka huko nyuma: `exec sudo "$0" $@` bila nukuu kwenye `$@`, yaani vigezo vyote, ni ugonjwa uleule. Haya, maswali.